Bosi aliniambia kaa chini, kikao hakijafungwa. Nikatoka, na radhi sijaomba mpaka leo

Wakuu, habari za humu. Hiki kisa kimenipata mwenyewe, sikusimuliwa. Chumvi siongezi, chenyewe kimekolea.

Miaka ile soko huria la kahawa limeingia Mbinga, kampuni binafsi zilifungua vituo kila kona. Mimi nilisimamia mizani kwenye kituo kimoja upande wa Mpepai. Mkulima analeta kahawa mbivu mchana, tunapima, tunamenya kwa mashine jioni ileile. Ikilala inachacha.

Meneja wetu, tumwite Mzee K, alitokea ushirika wa zamani. Huko mnunuzi alikuwa mmoja, mkulima anasubiri apende asipende.

Sasa mzee huyu na vikao, jamani!

Saa tisa, wakulima ndio wanashuka na magunia, yeye anatuita wote ofisini. Sala. Utambulisho (watu tunaokula pamoja kila siku tunatambulishana!). Hotuba. Halafu AOB, yale mengineyo, ndefu kuliko agenda.

Siku moja agenda ikawa: kwa nini wakulima wanapungua?

Nilikuwa nimekaa dirishani. Nje wakulima wamekalia magunia, mizani imefungwa. Mara Mama Ndunguru, mteja wetu tangu kituo kinafunguliwa, akaanza kuinua gunia lake, jirani yake akimsaidia. Wanahamia kituo cha wapinzani.

Hasira zikanipanda. Kituo kikikosa kahawa kinafungwa, ajira zetu zimekwenda.

Nikasimama. "Mzee, jibu la agenda yako lile pale, linaondoka na gunia."

"Kaa chini! Kikao hakijafungwa."

"Kahawa haijui hilo."

Nikatoka. Fundi wa mashine akanifuata, wengine nao nyuma. Nikamkimbilia Mama Ndunguru. "Shikamoo mama. Rudi tupime."

"Marahaba. Nikadhani mmefiwa humo ndani, mbona hamtoki?"

Jioni Mzee K akanipa sharti: kesho niombe radhi kikaoni, la sivyo kazi sina. Nikamjibu palepale kwamba siombi.

Kesho yake asubuhi nikaja na sufuria ya viazi vya kuchemsha, nikawaita wenzangu pale kwenye mashine.

Sisi Wamatengo tuna sengu: ukoo unakula pamoja na mambo yake unayamalizia hapohapo. Kwa babu yangu, ukirefusha maneno wenzako wanamaliza ugali. Basi nikafanya hivyo hivyo. Nani ana tatizo? Fundi akasema mkanda wa mashine umechoka. Nani anakwenda mjini kuufuata? Fulani. Limeisha, lingine. Viazi vilipokwisha kila mtu alikuwa kazini kwake.

Saa tisa Mzee K akaitisha kikao cha kunijadili.

Hakwenda mtu. Mizani ilikuwa na foleni.

Akatoka mwenyewe kututafuta, amefura. Kabla hajasema neno, Mama Ndunguru akamwambia, "Baba, usisimame tu hapo, shika huku."

Akashika. Akaja mwingine na gunia lake, akashika na hilo. Mpaka tunafunga mizani, shati lake jeupe lilikuwa halitamaniki, na kikao chenyewe hakikufanyika tena.

Nilichojifunza: kikao ni cha kusaidia kazi. Kikianza kuizuia, nyanyuka, hata kama aliyekiitisha ana cheo. Na uitishe cha kwako kifupi, chenye chakula, mbele ya kazi yenyewe.

Wenye mabosi wa aina hii shusheni visa vyenu. Na mnaotaka kuniambia nilimvunjia mzee heshima, karibuni pia. Ila msije na utambulisho.