Kovu la Paja la Shija

Bodaboda ilikwisha kuipita Nachingwea mjini na kushika njia ya Ruangwa, na Lydia bado alikuwa amekumbatia kibuyu cha maziwa ya mgando alichotoka nacho Kilimarondo alfajiri. Matambarale hakuwahi kufika. Huko ndiko mumewe, Shija, alikomjengea mke mdogo, Penina.

Masika yote Shija alikuwa akija kuwatazama ng'ombe wake, anamega tonge mbili, anasukuma sahani. "Nimeshiba." Lydia hakuuliza ameshibia wapi, hadi alipoacha kuja kabisa.

Aliikuta nyumba ya bati na ua uliofagiwa, na hata ufagio ule ukamchoma. Shija amelala mkekani, mbavu zinahesabika.

"Karibu, dada," alisema Penina.

"Ndivyo unavyomlisha hivi?"

"Mimi? Hapa hali kitu. Anasema kashiba kwako. Nikajua mkubwa kamtilia dawa."

Lydia akamimina maziwa. Shija akanywa funda moja, akalitapika.

Penina akashusha sauti. Choo cha Shija kilikuwa cheusi kama lami; zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo, hazikusaidia.

"Uliwaambia habari ya paja?"

"Lile kovu? Si alichomwa pembe na fahali?"

Kumbe alimdanganya! Lydia nusura atabasamu. Uvimbe ule uliokatwa, usaha aliouosha yeye, neno saratani walilolisikia wawili tu: hicho ndicho kitu pekee cha Shija ambacho Penina hakuwa nacho. Akautazama uso wa mumewe uliosawijika. Kisha akakitoa: akamsimulia Penina yote.

Kesho yake, hospitalini, daktari alisikia habari ya paja akaagiza tumbo lipigwe picha. "Saratani ya nyama husafiri na damu," akasema. "Inaelekea hii imetua kwenye utumbo, ndiyo inayovujisha damu. Nendeni Dar es Salaam wamfanyie upasuaji. Msindikizaji mmoja."

"Penina," alisema Shija, macho chini. "Wewe mama Gidioni," akamwambia Lydia, "ng'ombe wanakujua."

Ng'ombe!

Stendi, basi likiunguruma, Penina akatoa kichwa dirishani. "Dada, wakiniuliza uvimbe ulianzaje, niseme nini?"

Lydia alikikumbatia kibuyu hadi magurudumu yakaanza kuzunguka. Ndipo akakimbia kando ya basi.

"Ulianza mdogo kama yai la kanga, paja la kulia, upande wa ndani! Haukuuma! Na aliyeuona kwanza ni mimi. Hilo nalo uwaambie!"

Basi likakata kona. Akabaki na kibuyu chake, maziwa yamepungua kikombe kimoja tu.