Mama Anywa Chai Barazani

Sisi tuliokulia Uru, kule mlimani, enzi za kaptula za kaki, ile hoteli kubwa ya mjini tuliijua kwa mlango mmoja tu, wa jikoni. Jumamosi tuliteremka kwa miguu, mama na ndizi mshare kichwani, mimi na maziwa mkononi, tukasimama uani kumngoja mpishi. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa siagi ilinitesa, acha tu. Kwa pembeni tuliona kipande cha baraza, wageni wamekaa wakinywa chai pasipo haraka yoyote.

Siku moja mama alikata njia kupitia pale. Bawabu akamrudisha: "Mama, huku ni kwa wageni." Hakubishana. Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani akasema, "Na mimi iko siku nitakaa pale." Hakurudia tena, ila kila tulipopita aligeuza shingo.

Hoteli ikafungwa, miaka ikapita. Sasa ni maduka ya kifahari, vioo na manukato, na barazani pana mgahawa. Wanangu huenda kunywa kahawa yenye barafu. Kahawa ya baridi, jamani, na wajukuu wa wakulima wa kahawa!

Krismasi iliyopita, tulipokuwa tumepanda nyumbani kama kila mwaka, nikamwambia mama twende. Akavaa kitenge kipya, akabeba kapu la mshare. Wajukuu wakacheka: "Bibi, kule ni madukani!"

"Nani kawafundisha kwenda ugenini mikono mitupu?"

Mlangoni mlinzi, kijana, akamwamkia shikamoo, kisha akalitazama kapu. "Samahani, bibi. Chakula cha nje hakiruhusiwi."

Nilijua mama atageuka, na safari hii hatarudi tena.

"Wewe wa wapi?" akamuuliza.

"Mwika, bibi, kule mlimani."

"Basi chukua, ni zako. Mwenye nyumba simwoni, wewe ndiye uliyenipokea."

Kijana akalipokea kapu kwa mikono miwili. Mama akapita.

Chai ililetwa pale barazani, akainywa kidogo kidogo. Wanangu walikuwa wameinamia simu. Siku hizi wanaingia popote wapendapo, na sijawahi kuwaona wakigeuza shingo kwa ajili ya mahali. Niliwaonea wivu, halafu nikawahurumia.

Vikombe vikaisha, tukainuka. "Twende, bibi, tumemaliza."

"Tangulieni," akasema mama. "Mimi nimekaa."