Reli Ndani ya Brifkesi

Spoku ya baiskeli haikubali lehemu mpaka uiumize. Kwanza unaikwangua kwa msasa hadi mng'ao wa kiwandani utoke wote, kisha unaipaka maji ya betri kwa unyoya wa kuku, nayo inachemka na kutoa moshi unaokata koo. Hapo ndipo unapoikandamiza kwa pasi ya kulehemu. Ukiwa na haraka, inaruka na kukuchoma. Niliungua vidole vya mkono wa kushoto mara nyingi kabla sijapata reli mbili zilizonyooka, urefu wa kiganja.

Kazi yangu ni kutengeneza redio na simu pale Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi. Umeme nilijifunza mwenyewe kwa kuvunja vitu vilivyokufa. Mambo ya reli ndogo nilijifunza kwenye simu, nikiangalia video za wazee wa nchi za mbali wanaojenga stesheni nzima ndani ya sanduku la viatu. Treni yenyewe nimewahi kuiona mara chache tu, huko Isaka nilikokwenda kutafuta vipuri. Mara ya kwanza nilisimama karibu mno. Breki zililia, mabehewa yakagongana moja baada ya jingine kutoka mbele hadi nyuma, na mwanamke aliyesimama kando yangu akajitupa chini akidhani ni bunduki. Mgongano ule nilikaa nao kifuani miaka mingi. Nilitaka kuujua unavyotokea.

Sanduku langu lilikuwa brifkesi ngumu ya mtumba, ya aina waliyokuwa wakibeba maofisa zamani. Nilipong'oa kitambaa cha ndani nilipata sentimita arobaini kwa thelathini. Nafasi kama hiyo haikuachii uhuru. Reli ikizunguka humo lazima ipinde kona kali, na kona kali inataka injini fupi. Magurudumu ya mbele yakiwa mbali na ya nyuma, injini inapanda juu ya reli na kuanguka. Nilichora njia kwenye kadibodi, nikasukuma kigari cha majaribio kwa kidole, kikaanguka, nikachora upya.

Mota ilitoka kwenye deki ya CD. Magurudumu yalitoka kwenye saa ya ukutani niliyoipasua kwa nyundo: nilikwangua meno ya gurudumu dogo la shaba kwa tupa, nikalilehemu juu ya kubwa, ili lile kubwa liwe ukingo wa kushika reli. Ekseli nilitumia mrija wa plastiki wa peni, usiopitisha umeme, maana umeme wa reli moja ukikutana na wa nyingine, waya zinaungua. Betri ya simu ilitosha kuendesha vyote.

Kilichobaki kilikuwa mandhari, na mimi nilitaka kilima chetu cha Mugoma. Nilichota udongo mwekundu shambani kwa baba. Nyumba ya mama nilikata kwenye kopo la soda, ya kaka pia. Miti ilinisumbua, kwa sababu kila jani la kweli ni kubwa mno kwa treni ya ukubwa ule. Mwishowe nilivunja ncha za miyenzi, ile mimea isiyo na majani, yenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe, ambayo kwingine huitwa minyaa. Ncha moja tu inaonekana kama mti mzima. Nilizipanga kwa mstari mmoja ili zifiche betri.

Shamba lile halijagawanywa tangu baba afariki. Kaka yangu mkubwa anaishi chini, pamoja na mama, wake zake na watoto wao wengi. Mimi ninaishi juu, karibu na barabara. Miezi ile wapimaji walikuwa wamepita wakipigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, wakisema tu kwamba njia ya reli ya kwenda Burundi inaangaliwa. Hawakusema zaidi, na watu wakajaza wenyewe. Kwenye kilima cha pili, jirani alimpiga jirani kwa mgongo wa jembe kwa sababu ya kigingi kilichohama. Shemeji wawili walirushiana mawe mbele ya kanisa mpaka mmoja akapoteza jicho. Kaka hakuwa na kazi nyingine zaidi ya shamba lile. Aliogopa jambo moja, na alilisema waziwazi kwa kila mtu isipokuwa mimi: kwamba mimi, mtu wa simu na makaratasi, nitalikata shamba upande wenye rutuba, nimwachie mawe.

Katika hali hiyo mimi nilikuwa nikipanda kilima kila jioni na brifkesi mkononi. Kwetu mtu akibeba brifkesi, ana kesi au anauza ardhi. Sikusema kilichomo. Mtu wa umri wangu mwenye kigari cha kuchezea angechekwa hadi Nyakisasa, na nilitaka kwanza kitembee.

Siku moja nilimkuta kaka kwenye kilabu cha pombe ya ndizi.

"Wakili, umerudi?" aliuliza.

"Nimerudi, kaka."

"Na hiyo mahakama yako inafunguliwa lini?"

"Ni redio tu."

"Redio gani inabebwa kama mtoto mchanga?"

Walevi walicheka. Mmoja akaomba wakili amtetee kwa mkewe. Kaka hakucheka.

Jumapili moja mchana injini ilizunguka bila kuanguka, nikaipeleka kwa mama. Niliiweka uani juu ya kinu kilichopinduliwa, nikafungua kifuniko. Mama alipoona kigari kinapita nyuma ya nyumba yake ya bati alifunika mdomo kwa kiganja akacheka, akaniomba nikipunguze mwendo, kitagonga mbuzi. Nilimwambia hakuna mbuzi. Akasema basi niweke.

Kaka aliingia akitoka kukata majani ya ng'ombe, panga mkononi. Alisimama nyuma yetu akatazama.

Hapa lazima nieleze. Kwenye vilima vyetu hakuna anayepanda miyenzi kwa ajili ya uzuri. Miyenzi ni mpaka. Ukichomeka kijiti ardhini, kinashika, na kikishashika umesema neno ambalo halifutiki kwa maneno mengine. Anayeking'oa amekuja kupigana, na utomvu wake ukiingia jichoni unapofusha. Kaka alichokiona ndani ya brifkesi ni kilima chetu, udongo wetu, reli, na mstari wa miyenzi mibichi kutoka barabarani hadi bondeni. Nyumba yake ilikuwa upande wa mawe.

"Nani kapanda miyenzi hapa?"

"Mimi, kaka. Ni ya kufichia betri."

"Nimekuuliza nani kapanda miyenzi kwa baba."

"Ni mchezo, mwanangu," mama alisema. "Angalia, kinatembea chenyewe."

"Wewe mama nyamaza. Hii ndiyo ramani ya wale wapimaji. Nilimwona akichota udongo, nikajiuliza fundi redio anataka udongo wa nini."

Pigo la kwanza lilikipata kifuniko. Kilipasuka katikati, na injini ikaruka ikaanguka ubavu, magurudumu yakaendelea kuzunguka hewani. Nilinyoosha mkono wa kulia kuiokoa, na pigo la pili likanipata juu ya kiganja. Kwa kitambo sikuona damu. Niliona weupe, na kano mbili zimejikunja kama waya zilizokatwa. Ndipo damu ikaja kwa wingi.

Niliinua brifkesi kwa mkono uliobaki nikampiga nayo usoni. Kona ya chuma ilimpasua mdomo, jino likatoka, na vijiti vya miyenzi vikasagika kwenye macho yake. Alipiga kelele akizungusha panga bila kuona. Alikata hewa, akakata kamba ya nguo, akakata nguzo ya jiko. Mama alichukua mchi akampiga begani kwa nguvu zake zote, panga likaanguka, akampiga tena akiwa amepiga magoti. Kisha akalikanyaga panga na kukaa hapo, akihema.

Kaka alinawa macho kwa maji ya kuku. Moja lilifumbuka. Alitazama mkono wangu kwa jicho hilo, akavua shati, akalichana, akanifunga juu ya kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeusi. Alinipakia kwenye baiskeli akaisukuma hadi kituo cha polisi, maana zahanati hawashoni mtu aliyekatwa bila polisi kujua.

"Nani kamkata?" askari aliuliza.

Njiani nilikuwa nimetayarisha jibu, kwamba niliangukia panga. Kaka alinitangulia.

"Ni mimi, afande."

"Wewe uliyemleta?"

"Ndiyo."

"Umemkata, halafu ukampakia?"

"Angepakiwa na nani? Baiskeli ni yangu."

Askari wa pili aligeukia ukutani kuficha kicheko. Wa kwanza alisema, "Vua mkanda na viatu."

Nilishonwa kwa ganzi iliyokwisha kabla ya nyuzi. Niliporudi kituoni, askari aliniambia mwenye mkono ni mimi. Nikitaka yaishe kifamilia, niseme, na nikitaka yaende mahakamani, niseme. Nilimtazama kaka nyuma ya nondo, mdomo umevimba, jicho moja limefumba.

"Abaki kwanza," nilisema.

Mama alikuwa amesimama barabarani.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Nimemwacha polisi."

Alinipiga kofi ambalo sijapigwa tangu utoto. "Na mimi nitavuna maharage na nani? Na huo mkono?"

Asubuhi nilirudi kituoni. Walimleta kaka mlangoni, tukasimama bila kushikana mikono.

"Ile reli ya serikali inapita wapi hasa?" aliniuliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Wapimaji wenyewe hawajui. Ile yangu niliizungusha kwa sababu brifkesi ni ndogo."

Alitema damu iliyobaki mdomoni, akaifukia kwa unyayo.

"Kwa hiyo nilikukata bure."

"Ulinikata bure."

Akasema ningemwonyesha mapema. Nilimjibu kwamba yeye naye angeniuliza mapema. Nilimwambia askari yaishe kifamilia. Tulirudi tukiwa wawili, yeye akisukuma baiskeli, na sikukubali atembee nyuma yangu.

Shamba bado halijagawanywa. Tulikubaliana mbele ya wazee kwamba halitaguswa mama akiwa hai, na vigingi vyekundu vimeanza kuoza. Vidole viwili vya mkono wa kulia havina hisia. Pasi ikivigusa najua kwa harufu ya nyama. Kaka bado hukata majani, na hupita kwangu kila akirudi. Akifika mwisho wa ua hulitupa panga chini kabla ya kuingia. Hatujawahi kulizungumzia. Mimi huendelea na kazi bila kuinua macho, na nikishasikia chuma kimegusa ardhi, ndipo humwamkia shikamoo.