Vifuniko Vinene vya Chumbageni

Mwaka 1958 vililetwa Tanga vifuniko kumi na viwili vya mashimo ya maji machafu, vya chuma cha aina mpya ambacho, kama walivyosema waliovileta, kikizidiwa hupinda kwanza badala ya kupasuka kama sahani. Sita vilikuwa vinene, vya kukanyagwa na malori. Sita vyembamba, vya miguu na baiskeli. Pamoja navyo ilikuja karatasi ya mkandarasi: vinene Raskazone kwenye nyumba za wakubwa, vyembamba Chumbageni kwa watu wa kawaida. Hadhi ya wakazi ilikuwa imepimwa kwa uangalifu mkubwa. Magurudumu hayakupimwa.

Methusela, nyapara wa genge la mifereji, Mbondei aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge, aliisoma karatasi ile mara mbili. Kisha akafanya kama wahesabu mizigo wa shambani: akachukua kamba ya katani, akakaa Raskazone kutwa nzima, akipiga fundo kwa kila lori lililopita. Yakapatikana mafundo matatu, na moja ni la lori lililopotea njia. Kesho yake akakaa Chumbageni, yapitiapo malori ya katani kwenda bandarini. Kamba ikaisha kabla ya adhuhuri, akaunga nyingine.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, watu wakitazama, akatia kifuniko kinene mbele ya duka la Gulamhussein. Shahbanu, mke wa mwenye duka, akatoka nje.

“Fundi, mwaka jana mlituletea cha kufunikia sufuria. Hiki leo mmekiiba wapi?”

“Sikuiba, mama. Nimekosea njia kwa makusudi.”

Laurenti, mwenzake wa siku nyingi, akamnong'oneza: “Kaka, miaka kumi na tisa ya kazi unaitupa kwa ajili ya kifuniko?”

“Kwa ajili ya mguu wa mtu atakayetumbukia. Lete saruji.”

Saa sita injinia wa mkandarasi akashuka garini.

“Nani amekuambia ufikiri?”

“Hakuna, bwana. Nimejianzishia mwenyewe.” Methusela akamkabidhi kamba zote. Injinia akazigeuza huku na huku, akitafuta palipoandikwa.

“Ng'oa hicho.”

“Sing'oi.”

“Basi si nyapara tena. Ernesti! Nyapara ni wewe. Ng'oa.”

Ernesti, wa genge lile lile, alikuwa mtu mpole, hajapata kukataa hata uji wa baridi. Akashika mtaimbo. Hapo likaja lori la katani, marobota hadi juu ya kichwa cha dereva, likapiga honi. Wote wakaruka kando, injinia wa kwanza. Gurudumu la nyuma likapita katikati ya kifuniko. Hakikutoa hata sauti.

Ernesti akakitazama. Akautazama mguu wake mwenyewe.

“Bwana, samahani,” akasema. “Na mimi sing'oi.”

“Mshenzi akisha kufunzwa ndiyo haya,” akasema injinia, akamgeukia Laurenti. Laurenti alikuwa amewapa mgongo, anachanganya saruji ya kifuniko cha pili. Methusela, kibarua tangu dakika tano zilizopita, akamsogezea ndoo ya maji.