Anguko la Raogo Kwenye Vitunguu

Raogo Nikiéma, fundi wa mashine za kusaga mtama hapa kwetu Koudougou, ana miaka arobaini na tisa na kitambi cha kutosha, na kila Jumapili huvaa kaptura ya kubana ambayo majirani tumeshamwomba kwa adabu aiache. Haachi ng'o. Alianza mbio za baiskeli kabla hajaoa, mfupa wa bega ameshauvunja mara mbili, na ukimwambia umri umekwenda anakutazama kama umemtukania mama.

Hayo ya kwake tungeyavumilia. Balaa ni binti yake Edwige, miaka kumi na tisa, aliyerithi miguu ya baba na ukaidi wote. Mwaka juzi aliacha meno mawili ya mbele barabarani, na tangu siku hiyo Raogo hana raha. Mbio za mtaa huwaanzisha wanawake na wazee pamoja, kwa hiyo humng'ang'ania binti nyuma ya gurudumu lake, mwanzo mpaka mwisho, akipiga kelele.

"Breki, Edwige! Shimo hilo!"

"Baba, macho ninayo! Wewe angalia pumzi yako, unakoroma kama mashine yako."

Baba alikuwa akimwomba Mungu binti aache. Binti naye alikuwa akimwomba Mungu baba aache. Sijui Mungu alikuwa anamsikiliza yupi.

Mama Edwige, Philomène Toé, akachoka nao. Yeye ni Msamo, na Wasamo na sisi Wamosi ni watani wa kufa na kuzikana: wao hutuita watumwa wao, Msamo akikuambia lete, unaleta, na ukinuna umeuaibisha ukoo mzima. Jumamosi moja akamwita kaka yake Gaston, akawakalisha wote uani.

"Nisikilizeni, watumwa wangu. Kesho atakayeleta ajali, awe baba awe mtoto, baiskeli yake inaondoka na Gaston."

"Mama, hata mimi mtumwa wako?"

"Baba yako Mmosi, wewe nani? Mtumwa na mdomo wake!"

"Mimi sina haraka, shemeji," Gaston akamwambia Raogo, akijikuna tumbo. "Pampu nimeshanunua."

Kesho yake kwenye mbio walikwenda hadi mji wa Réo na kugeuza vizuri. Wakiwa njiani kurudi, Edwige akiongoza na baba yake akimfuata, mkokoteni wa punda uliojaa vitunguu ukatokeza kutoka kwenye njia ya mashamba. Edwige akaona upenyo. Jamani, upenyo haukuwepo! Akaugonga mkokoteni, akaanguka, na magunia mawili yakamfuata chini.

Raogo alikuwa na barabara nzima ya kupita. Akashika breki, akaruka chini, akamkagua binti mikono, kichwa, meno yaliyobaki. Mzima, goti tu limechubuka. Hapo akashusha pumzi, na furaha ikampanda bila haya. Kosa ni la Edwige, shahidi ni punda. Jioni baiskeli ni ya Gaston, na yeye Raogo atalala usingizi wa watu.

Lakini Edwige goti hakuligusa. Alikuwa ameinua gurudumu la mbele, analizungusha karibu na sikio, anafuta vumbi kwa fulana yake.

"Basi, Baba. Kwisha mimi," akasema, akaanza kulia.

Siku ya meno hakulia. Raogo akamtazama, na moyo ukamuuma kweli. Akalaza baiskeli yake pembeni taratibu isipate mkwaruzo, akaenda kwenye vitunguu, akalala chini, akajigaragaza. Upande huu, kisha upande ule.

"Na huyu naye ana nini?" akauliza bibi mwenye mkokoteni.

"Samahani, mama. Naanguka."

"Baba!"

"Nyamaza wewe! Mimi ndiye niliyekugonga kwa nyuma. Umesikia? Nimekugonga."

Walimaliza wa mwisho, wote wawili wakinuka kitunguu. Philomène alikuwa kwenye benchi lake karibu na utepe wa mwisho, anakaanga bagia za kunde. Edwige akafungua mdomo. "Mama, mimi ndiye..."

"Nilimgonga," Raogo akamkatiza.

Philomène akamzunguka mumewe. Vumbi kutoka utosini hadi kisiginoni, jani la kitunguu sikioni, na ngozi haina hata mchubuko. Akamkung'uta bega polepole. Tuliokuwepo tuliona kabisa kwamba ameelewa.

"Gaston," akasema, "chukua ya mzee."

Mtani hanuniwi. Raogo alicheka, akampa shemeji yake mkono, kisha akaenda nyuma ya mashine yake ya kusaga akalia kidogo, na mimi simlaumu.

Jumapili iliyofuata Edwige aliondoka na wenzake, kona moja tu, akapotea machoni. Raogo hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akiwa nyuma yake, walau alikuwa anaona. Sasa anaona vumbi. Akasimama, akaketi, akasimama tena. Bagia ikamponyoka mkononi.

"Atakuwa amefika Réo? Wale punda leo wamefungwa? Philomène, mbona kimya hivi? Mimi siwezi haya, heri kuanguka!"

Mkewe akageuza bagia, akasogea kidogo kwenye benchi kumpa nafasi.

"Keti, Baba Edwige," akasema. "Mimi nakaa hapa mwaka wa ishirini na mbili huu."