Gari la Wazi Tulilouza Njoro

Mwaka niliporudi nyumbani kutoka chuoni Kampala, baba aliniambia jambo moja kabla sijavua viatu: gari limekwisha kutengenezwa, na mimi ndiye nitakayeliuza.

Lilikuwa gari dogo la wazi, la miaka ya kabla ya vita. Mzungu mwenye shamba tulilokaa, upande wa Njoro, alikuwa ameliacha bandani mpaka kuku wakataga kwenye viti. Baba alikuwa fundi wa matrekta hapo shambani. Siku moja aliliomba, na yule bwana, huku akicheka, akamwandikia barua ya kumpa pamoja na kitabu cha gari. Hakudhani lingetembea tena. Kwa miaka mitatu, kila Jumapili baada ya kanisa, baba alilitengeneza. Viti alivishona kwa ngozi za ndama wetu wenyewe. Mama aliokota turubai kuukuu lililokuwa likifunika ngano, akashona paa la kukunjwa, la kuinuliwa mvua ikija. Rangi ilikuwa kijani, iliyobaki kwenye debe la matrekta.

Hatukulitengeneza ili tulipande. Huko Keringet kulikuwa na mtu aliyekuwa akiuza mashine ya kusaga unga ili arudi kwao, naye alikubali kumngojea baba mpaka Jumamosi, si zaidi. Baba alikuwa amefanya kazi ya watu tangu hajaota ndevu. Gari lisipouzwa, mashine ingekwenda kwa mwingine, naye angebaki amelala chini ya matrekta yasiyo yake.

Nilikwenda Nakuru mjini, nikabandika tangazo kwenye duka la vipuri, kisha nikarudi kuogopa. Je, mnunuzi akiuliza Mwafrika amepata wapi gari? Je, nizungumze Kiingereza, au nitaonekana najivuna? Paa likunjwe au liinuliwe? Likikunjwa ataona viti vizuri, lakini likiinuliwa ataona mama alivyoshona. Mama alinikuta nikilikunja mara ya nne, akaniuliza kama huko Kampala nilikuwa nikisomea kukunja nguo.

Alhamisi akaja Mhindi mwenye kiwanda cha mbao Elburgon. Lori lake lilimshusha langoni, likaendelea na safari ya Nakuru. Mwanawe alikuwa anaoa, naye alitaka bwana arusi aingie mjini ndani ya gari la wazi, watu wamwone. Alilizunguka, akabonyeza viti, akasoma barua na kitabu mpaka mwisho. Hapo ingefaa ninyamaze. Badala yake nikamwambia kwamba breki ya nyuma upande wa kushoto huvuta, kwamba kioo kina ufa, kwamba mlango mmoja hujifungua kwenye kona, na kwamba mshale wa petroli haujawahi kusema kweli.

Akamgeukia baba. "Mzee, huyu kijana yako anauza gari ama anaishitaki?"

"Amesoma," baba akasema.

"Basi mpeleke kortini."

Lakini alikuwa akicheka. Alisema amenunua magari mengi, na ubaya wake wote aliusikia baadaye, barabarani. Wakapatana, akalipa. Baba akachomeka hendeli mbele ya gari, akaizungusha mara moja, injini ikaitika. Mhindi akatushika mikono, akapanda, akaondoka taratibu kuelekea Elburgon, vumbi likimfuata.

Niliingia bandani kurudisha spana, nikaikuta hendeli imetundikwa ukutani. Gari lile halikuwa na njia nyingine ya kuwaka.

"Baba, hendeli imebaki."

"Ndiyo. Ng'ombe akiuzwa, kamba inabaki nyumbani. Kamba ikienda, boma linabaki tupu. Mnunuzi huja na kamba yake."

Hakuwa akitania. Kwetu sijaona mtu akiuza hata mbuzi pamoja na kamba, na baba hakuwa amewahi kuuza kitu kikubwa kisichokuwa na kwato. Tena alifikiri mtu mwenye malori manne ana hendeli tele. Lakini hii aliifua mwenyewe motoni, kwa sababu ile ya zamani ilipotea, na hakuna nyingine ambayo ingeingia kwenye injini ile. Niliona hilo likimjia usoni polepole.

Kichwani mwangu Mhindi alikuwa amekwisha kurudi na askari, pesa zimerudi mfukoni mwake, mashine ya Keringet imekwenda, nami niko kizimbani nikiulizwa baba yangu ni mtu wa namna gani. Baba aliiangua hendeli. Pale pa kushikia palikuwa pamezungushiwa ukanda wa ngozi. Aliufungua ukanda ule, akautia mfukoni, akanipa chuma kitupu.

"Chukua baiskeli," akasema. "Kimbia."

Nilikanyaga baiskeli nikimwomba Mungu injini izimike, halafu nikimwomba isizimike. Nilimkuta ng'ambo ya reli. Gari limesimama kando ya barabara, naye yuko mbele yake, mikono nyuma, kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Alikuwa amelizima mwenyewe. Chini ya kila gurudumu kulikuwa na ndimu. Kwao gari halifiki nyumbani kabla halijakanyaga ndimu, aliniambia, na alitaka kufanya hivyo mbali na macho yetu, tusidhani anatilia shaka gari letu.

Nikaanza kumweleza habari za ng'ombe na kamba. Nilianzia mbali sana. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kwa hivyo mzee amebaki na kamba yangu."

"Amebaki na ngozi tu. Chuma ni hiki."

"Ngozi inatosha?"

"Inatosha," nikasema, ingawa sikuwa nimemwuliza baba.

"Na ndimu zangu, hatakasirika?"

"Hapana."

"Basi zungusha, wakili."

Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili hendeli ilinirudisha nyuma nusura inivunje mkono. Mara ya tatu injini ikaitika. Ndimu zikapasuka chini ya magurudumu, harufu yake ikanijaa puani, na gari likapanda mlima wa Elburgon na mwenyewe mpya.

Baba alikuwa amesimama langoni. Aliuliza kama imewaka, nikamwambia imewaka. Hakuuliza mara ngapi. Akanituma karatasi na kalamu, nimwandikie bwana mwenye shamba kwamba mwisho wa mwezi yeye baba ataacha kazi. Ndani, mama alikuwa anachagua magunia ya kuifunikia mashine njiani, isije ikanyeshewa ikitoka Keringet.

Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nilikuwa na njia tano za kuianza barua ile, na kila moja niliiona ina kosa. Mwishoni nikamwuliza baba nianzeje.

"Anza na asante," akasema. "Ya gari."