Rafiki Aliyehamishwa na Kitabu cha Pili

Kitabu cha kwanza tulikisoma mpaka jalada likatoka, mimi na dada yangu, binti wa mama mkubwa, niliyelala naye chumba kimoja hapa Msambweni tangu tuko wadogo. Kilikuwa hadithi ya wasichana wawili wa shule, mmoja msemaji, mmoja kimya. Yule kimya alikuwa mimi kabisa. Darasani hakunyanyua mkono hata jibu akilijua. Lakini mwenzake hakumwacha. Popote alipoingia, alimshika mkono wakaingia wote. Sikuwa nimesoma kitabu kingine kinachompenda mtu wa namna yangu.

Cha pili tulikingoja sana. Nilikipata Kona ya Musa, kwa muuza vitabu anayevitandaza juu ya turubai, wiki ile ile dada alipowekwa ndani. Alikuwa anaolewa Tiwi. Kwetu bibi harusi hatoki nje. Husuguliwa singo, manukato ya liwa ya kulainisha ngozi, na somo, mama aliyepewa kazi ya kumtayarisha na kumfunza mambo ya ndoa. Nikaruhusiwa kuingia niwasomee.

"Soma, mwanangu," somo alisema. "Lakini penye mabusu ruka. Hayo nitamfunza mimi."

Dada akacheka, uso mzima umejaa singo.

Nilianza vizuri. Nikafika chini ya ukurasa wa kwanza: yule rafiki kimya alikuwa amehamia mji mwingine, na tangu hapo hawakuwasiliana. Basi. Sentensi moja. Nikapitisha macho kurasa za mbele, hayumo. Kuna mpenzi, kuna pikipiki, kuna mashindano ya kuimba. Yeye hata kuagwa hakuagwa.

Sijui niliingiwa na nini. Nikaendelea kusoma, lakini si yaliyoandikwa. Nikamrudisha. Nikampandisha basi, nikambishisha hodi, nikamkalisha kitandani kwa mwenzake wakacheka kama zamani. Mimi, ambaye kusoma mbele ya watu ni adhabu, sauti ilinitoka yenyewe.

"Wewe," dada akasema, "mbona ukurasa hufungui?"

Akakichukua kitabu, vidole vikaacha alama za singo, akasoma pale chini.

"Kumbe amehama tu," alisema. "Watu huhama."

"Lakini hawakuwasiliana."

"Labda alikuwa na shughuli."

Somo akadakia, "Nanyi msinililie hapa. Tiwi ni hapo tu. Samaki akitoka Msambweni anafika Tiwi bado mbichi."

Nilimtazama dada. Nilitaka aseme kwamba mimi na yeye hatutakuwa hivyo. Neno moja tu lingenitosha, nami kuliomba sikuweza. Akafumba macho, akamgeuzia somo shavu la pili.

Harusi imepita. Nikimpigia simu ananijibu vizuri, "Niko jikoni, mdogo wangu, nitakupigia." Jikoni hatoki. Siku ya Idi nilimwona akiwa na mawifi zake, akanikumbatia, akaniuliza masomo yanaendeleaje, kama wanavyouliza wageni.

Kitabu bado kinanukia liwa. Wiki hii nimekisoma chote, neno kwa neno, nikitumai labda yule rafiki anarudi mwishoni. Hakurudi. Wala hakuna aliyemuulizia.